Kinga na Kinga: Kingamwili za Pili, Hadubini ya Upambanuzi Mkuu na Utata wa A-unganifu



1.0 Utangulizi

Bila shaka wapo miongoni mwenu waliosoma tangazo la mada na kujiuliza kama mhadhiri amekosea ukumbi. Mtu aliyetumia miaka yake ya kazi akichambua mofolojia ya kitenzi ana shughuli gani na kingamwili, rangi za maabara na hadubini? Jibu langu ni kwamba nina deni, na leo nimekuja kulilipa hadharani.

Miaka kadhaa iliyopita, binti wa rafiki yangu, ambaye ni mtaalamu wa biolojia ya seli, aliniletea mwongozo aliouandika kwa Kiswahili kwa ajili ya mafundi wa maabara anamofanyia kazi. Aliniomba nipitie lugha. Nilikuta humo sentensi isemayo: "Ongeza kingamwili yenye rangi, iliyotolewa na mbuzi dhidi ya kingamwili za sungura." Niliiona sentensi hiyo kuwa nzito na yenye marudio. Nikaifupisha kwa kalamu nyekundu: "Ongeza kingamwili ya sungura yenye rangi." Nikajisifu moyoni kwamba nimempunguzia msomaji mzigo.

Wiki chache baadaye alinipigia simu. "Shikamoo, Baba Mkubwa," alisema. "Mwongozo unasomeka vizuri sana, ila picha zote zimetoka nyeusi." Sampuli zilizochukua miezi miwili kutayarishwa zilikuwa zimeharibika, na aliyeziharibu hakuwa fundi. Alikuwa mhariri.

Mhadhara huu unaeleza kilichotokea. Ili kukieleza sina budi kuwapitisha kwanza katika sayansi yenyewe, kwa kadiri nilivyofundishwa na wenye fani, kisha nirejee katika isimu. Hoja yangu ni kwamba Kiswahili kinao uwezo wa kuieleza sayansi ya kiwango hiki, lakini uwezo huo haumo katika orodha ya istilahi peke yake. Umo katika sarufi, na sarufi hiyo hutusaidia pale tu tunapokubali kuitumia kikamilifu.

2.0 Ukuzaji na Upambanuzi

Tuanze na neno hadubini. Ndugu yake darubini lilitokana na Kiajemi, ambamo sehemu ya kwanza ina maana ya mbali na ya pili ina maana ya kuona. Nalo hadubini limebeba mkia uleule wa kuona. Watu wengi hudhani kwamba kazi ya hadubini ni kukuza tu. Lau ingekuwa hivyo, tungeongeza lenzi juu ya lenzi hadi tuione molekuli. Lakini picha yenye ukungu ikikuzwa haibadiliki kuwa picha safi. Huwa ukungu mkubwa zaidi. Linalotakiwa ni upambanuzi, yaani uwezo wa kuonyesha kwamba nukta mbili zilizokaribiana ni mbili, wala si moja.

Mwaka 1873 mwanafizikia wa Kijerumani Ernst Abbe alieleza kwamba upambanuzi wa hadubini ya mwanga una kikomo kinachotokana na tabia ya mwanga wenyewe. Mwanga ni wimbi, na wimbi likipita katika tundu la lenzi husambaa kidogo. Kwa hiyo nukta moja ndogo inayotoa mwanga huonekana kama doa. Upana wa doa hilo ni takriban nusu ya urefu wa wimbi, nao kwa mwanga tunaouona unakaribia nanomita 200. Milimita moja ina nanomita 1,000,000, kwa hiyo kikomo hicho ni kidogo sana kwa macho yetu. Kwa seli ni kikubwa mno. Ndani ya seli zimo neli nyembamba ziitwazo maikrotubuli, zilizojengwa kwa protini ya tubulini, ambazo upana wake ni nanomita 25 tu. Neli mbili zikilala sambamba, hadubini ya kawaida huzionyesha kuwa moja.

Kikomo hicho kilizungukwa kwa njia kadhaa. Mwaka 1994 Stefan Hell alipendekeza, pamoja na Jan Wichmann, kwamba mwali mmoja uwashe rangi na mwali wa pili, wenye umbo la pete, uzime rangi yote iliyoko pembezoni ili ibaki nukta ndogo ya katikati. Mwaka 2006 timu za Eric Betzig, Xiaowei Zhuang na Samuel Hess zilitangaza njia za kuziwasha molekuli chachechache kwa zamu. Betzig na Hell, pamoja na William Moerner, ambaye mwaka 1989 alikuwa ameripoti kugundua ishara ya molekuli moja, walipewa Tuzo ya Nobel ya Kemia ya mwaka 2014. Mimi napendekeza tuuite utaratibu huu hadubini ya upambanuzi mkuu. Wanaouita "ukuzaji mkubwa" wanarudisha palepale kosa ambalo Abbe alikwishatuonya dhidi yake.

3.0 Rangi na Kimulimuli

Seli nyingi hazina rangi. Ili tuone kitu kimoja ndani yake tunahitaji kukitia alama, na alama inayotumika zaidi ni rangi yenye fluoresensi. Jina hilo lilitungwa na George Stokes mwaka 1852 kutokana na jina la madini ya fluoraiti. Rangi ya aina hii hupokea mwanga wa rangi moja na kurudisha mwanga wa rangi nyingine wenye urefu mkubwa zaidi wa wimbi. Mathalani, hupokea bluu na kurudisha kijani. Kwa kuchuja ule mwanga ulioingia, mtazamaji hubaki na ule uliorudishwa, na alama huonekana iking'aa katika giza.

Nimewahi kusikia pendekezo kwamba rangi hizo ziitwe "rangi za kimulimuli". Pendekezo hilo linavutia, lakini linapotosha. Kimulimuli hujitengenezea nuru kwa kemikali za mwili wake, hata katika usiku usio na mwezi. Rangi ya fluoresensi haina nuru yake; usipoimulika, haikurudishii kitu. Mwanafunzi atakayejifunza istilahi hiyo atatarajia sampuli ing'ae sandukuni. Kwa sababu hiyo naona afadhali neno la mkopo, fluoresensi, kuliko neno zuri la asili linalodanganya. Hata hivyo, msimtupe kimulimuli; tutamhitaji baadaye kidogo.

4.0 Kingamwili ya Kwanza na ya Pili

Rangi peke yake haijui pa kwenda. Inahitaji mbebaji anayemtambua mlengwa, na mbebaji huyo ni kingamwili. Neno hili lilizoeleka sana redioni na magazetini tangu mwaka 2020, wakati wa janga la UVIKO-19. Kingamwili ni protini yenye umbo linalokaribiana na herufi Y, yenye ukubwa wa takriban nanomita 10, ambayo mwili huitengeneza ili ikamate kitu kigeni mahususi. Ukimdunga sungura tubulini ya mnyama mwingine kwa utaratibu unaofaa, mwili wake unaweza kutengeneza kingamwili zinazoitambua tubulini.

Mwaka 1941 Albert Coons na wenzake walionyesha kwamba rangi ya fluoresensi inaweza kuunganishwa na kingamwili bila kuiondolea uwezo wake wa kutambua. Hiyo ndiyo njia ya moja kwa moja. Ugumu wake ni kwamba kila kingamwili ya kila mlengwa inabidi itiwe rangi peke yake. Mwaka 1954 Thomas Weller na Coons walitumia njia isiyo ya moja kwa moja. Kingamwili ya kwanza, isiyo na rangi, hushika mlengwa. Kisha huongezwa kingamwili ya pili, yenye rangi, ambayo haimjui mlengwa hata kidogo. Inachokijua ni kingamwili ya kwanza.

Hupatikanaje? Mbuzi hudungwa kingamwili za sungura. Kwa mwili wa mbuzi, kingamwili za sungura ni protini ngeni kama ngeni nyingine yoyote, hivyo hutengeneza kingamwili za kuzikamata. Kingamwili hizo za mbuzi husafishwa, hutiwa rangi, na kuanzia hapo zinaweza kutumika pamoja na kingamwili yoyote ya kwanza iliyotoka kwa sungura, iwe ni ya kutambua tubulini, kiini cha seli au kirusi.

Wanaisimu wenzangu, sisi tunalo jambo la kulilinganisha na hili, tena la karibu. Tukisema "kisu kimeanguka" na "kitabu kimeanguka", kiambishi ki- katika kitenzi hakijui kama kilichoanguka kinakata au kinasomwa. Kinatambua ngeli tu. Maana imebebwa na nomino. Kiambishi kinapatana nayo. Kingamwili ya kwanza ni kama nomino: ndiyo yenye mlengwa. Kingamwili ya pili ni kama kiambishi cha upatanisho: inatambua "ngeli" ya ile ya kwanza, yaani mnyama aliyeitoa. Na kama vile upatanisho usio sahihi unavyoivunja sentensi, kingamwili ya pili isiyopatana na ya kwanza haishiki chochote. Huoshwa na kumwagwa pamoja na maji ya kuoshea.

Ulinganisho huu una mpaka wake. Kiambishi ki- hujitokeza mara moja katika kitenzi chetu, ilhali kingamwili kadhaa za pili zinaweza kuishika kingamwili moja ya kwanza, kila moja ikiwa na molekuli chache za rangi. Hivyo mwanga huongezeka. Hapa methali ya wahenga inatufaa: kinga na kinga ndipo moto uwakapo. Najua kwamba kinga ya methali ni kijiti chenye moto, na kinga ya mwili ni hifadhi; kamusi huyatenga kuwa vidahizo viwili. Lakini katika maabara hii homonimi hizo zinakutana: kinga ya kwanza peke yake haionekani, ya pili peke yake haina pa kushika, na zikiungana nuru inapatikana mahali panapotakiwa.

5.0 Nuru Zinazopokezana

Sasa tumrejeshe kimulimuli. Fikirini kichaka chenye mamia ya vimulimuli. Wote wakiwaka kwa pamoja, mtazamaji wa mbali huona wingu moja la mwanga. Lakini wakiwaka wawili watatu kwa wakati mmoja, kila mahali pake, mtazamaji anaweza kuweka alama katikati ya kila doa, akasubiri wengine wawake, akaweka alama tena. Mwishoni, alama zake zitachora umbo la kichaka.

Njia ya Zhuang na wenzake hufanya hivyo. Rangi zinazofaa ni zile zinazoweza kuzimwa na kuwashwa tena kwa leza na kwa kemikali za mchanganyiko zinamolowekwa. Kamera hupiga picha maelfu, na kompyuta hukadiria kitovu cha kila doa. Makadirio hayo hutegemea idadi ya fotoni: fotoni zikiongezeka mara 100, kosa la kukadiria kitovu hupungua takriban mara 10. Ndiyo maana si kila rangi iliyofaa katika hadubini ya zamani inafaa hapa. Inatakiwa itoe fotoni nyingi kila inapowaka, na ikae imezimwa muda mrefu ili majirani wasiwake pamoja. Aidha, kuzidisha rangi juu ya kingamwili moja hakusaidii, kwani molekuli zikisongamana huzimana zenyewe kwa zenyewe.

Mwaka 2007 maabara ya Zhuang ilionyesha maikrotubuli na vishimo vya klathrini vya utando wa seli kwa rangi mbili tofauti, kwa kutumia kingamwili za pili zilizotiwa rangi. Mwaka 2013 Ke Xu, Guisheng Zhong na Zhuang walitangaza kwamba ndani ya aksoni za seli za neva kuna pete za aktini zilizopangika kwa mwachano wa nanomita 180 hadi 190. Mpangilio huo ulikuwa chini ya kikomo cha Abbe, na hadubini ya kawaida ya mwanga haikuweza kuuonyesha.

6.0 Gharama ya Mnyororo

Kila faida ina gharama yake. Kingamwili ya kwanza ina nanomita 10, ya pili nyingine 10, na rangi iko juu yake. Kwa hiyo nuru tunayoiona haitoki kwa mlengwa. Inaweza kutoka umbali wa nanomita 15 au zaidi. Katika hadubini ya zamani, yenye doa la nanomita 200, tofauti hiyo haikuwa na uzito. Katika hadubini ya upambanuzi mkuu, yenye kukadiria kwa nanomita 20, alama imekuwa kubwa karibu sawa na kosa la chombo chenyewe. Neli yenye upana wa nanomita 25 ikivikwa kingamwili za aina mbili huonekana kuwa na upana wa nanomita 50 hadi 60. Tunayemwona ni mtu na koti lake.

Suluhisho mojawapo limetoka kwa mnyama ambaye Waswahili wa pwani wanamfahamu vyema. Mwaka 1993 watafiti wa Brussels walitangaza kwamba ngamia ana aina ya kingamwili zilizo sahili kuliko zetu. Sehemu yake inayotambua mlengwa inaweza kutengwa na kutumika peke yake, ikiwa na takriban moja ya kumi ya uzito wa kingamwili nzima. Kingamwili ndogo za namna hiyo huisogeza rangi karibu na mlengwa, na siku hizi zipo pia zinazotumika mahali pa kingamwili ya pili.

7.0 Utata wa A-unganifu

Sasa nirejee katika kalamu yangu nyekundu. Katika jokofu la maabara ile kulikuwa na vichupa viwili vya kingamwili zenye rangi. Cha kwanza kilikuwa na kingamwili zilizotolewa na mbuzi dhidi ya sungura. Cha pili kilikuwa na kingamwili zilizotolewa na sungura dhidi ya panya. Kingamwili ya kwanza iliyokuwa juu ya seli ilitoka kwa sungura, hivyo kilichohitajika kilikuwa kichupa cha kwanza. Fundi alisoma maneno yangu, "kingamwili ya sungura yenye rangi", akachukua kichupa cha pili. Alikuwa na haki kamili. Kingamwili ile ilitoka kwa sungura; ilikuwa ya sungura. Haikupata panya wa kumshika, ikaoshwa yote, na giza likabaki.

A-unganifu katika Kiswahili hubeba mahusiano mengi. Sumu ya nyoka hutoka kwa nyoka. Sumu ya panya humuua panya. Dawa ya mwarobaini imetokana na mwarobaini. Dawa ya mbu si ya kutokana na mbu. Katika maisha ya kila siku utata huu hautusumbui kwa sababu ujuzi wetu wa ulimwengu huutatua kabla hatujautambua. Hakuna anayekamua mbu ili apate dawa. Lakini ndani ya jokofu la maabara, sungura anaweza kuwa mtoaji na anaweza kuwa mlengwa, na vichupa vyote viwili vipo. Pale ujuzi wa ulimwengu unapokoma, sarufi ndiyo inayobaki na wajibu, nami nilikuwa nimeifuta.

Jina panya nalo lina utata wake. Kiswahili cha kawaida hulitumia kwa wanyama wa jenasi Mus na wa jenasi Rattus, ambao wote wawili hutoa kingamwili za maabara. Kwa kuwa wanyama hao ni jamaa wa karibu, kingamwili ya pili dhidi ya mmoja inaweza kumshika na mwingine, isipokuwa iwe imechujwa kwanza kwa kupitishwa juu ya protini za yule asiyetakiwa. Mtafiti anayetumia rangi mbili katika seli moja hawezi kuridhika na neno panya tupu.

8.0 Mapendekezo na Hitimisho

Kutokana na hayo nina mapendekezo matatu. Kwanza, istilahi kingamwili ya kwanza na kingamwili ya pili zitumike, mradi ieleweke kwamba kwanza na pili ni mpangilio wa kuongezwa, wala si daraja la ubora. Neno upili, linalotukumbusha shule, halina haja hapa. Pili, kila kingamwili ya pili itajwe kwa mambo matatu: mtoaji, mlengwa na rangi. Mtoaji atajwe kwa kitenzi, "iliyotolewa na". Mlengwa atajwe kwa "dhidi ya". A-unganifu isiachwe kubeba mahusiano hayo mawili peke yake. Tatu, pale jina la mnyama lisipotosha, jina la jenasi liandikwe.

Mwaka 1990 Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ilichapisha Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia, na kazi ya namna hiyo itaendelea kuhitajika. Lakini kamusi humpa fundi neno kingamwili. Haimwambii achukue kichupa kipi. Hilo huambiwa na sentensi, na katika nchi kama Tanzania, ambako sayansi ya sekondari na vyuo vikuu bado hufundishwa kwa Kiingereza, sentensi za namna hiyo kwa Kiswahili ni chache. Zitaongezeka pale mwanasayansi na mwanaisimu watakapoziandika pamoja, na mwanaisimu akawa tayari kuuliza kabla ya kufuta.

Mwongozo ule uliandikwa upya. Sentensi niliyoifupisha ilirudishwa kama ilivyokuwa, neno kwa neno, pamoja na marudio yake. Baada ya miezi mingine miwili nililetewa picha iliyopigwa kwa hadubini ya kawaida ya fluoresensi: seli moja, na ndani yake nyuzi za kijani zikitoka katikati kuelekea ukingoni. Nimeiweka mezani kwangu, karibu na kalamu nyekundu.